Wengi Wape, Lakini Wachache Wasidhulumiwe

Katika methali zinazotumiwa nchini mwetu, ni chache zilizotumikishwa kama ile isemayo, "Wengi wape." Mwanasiasa huitamka anapotaka mjadala ufungwe. Mwenyekiti wa chama cha wafanyakazi huitamka baada ya kura kuhesabiwa. Hata wanafunzi wanapomchagua kiranja wao huitaja, wakidhani kwamba wametaja sheria ya haki. Lakini methali hii ina kipande cha pili ambacho aghalabu huachwa: usipowapa, watatwaa wenyewe. Ukiizingatia nzima utaona kwamba haikudai popote kuwa wengi wana haki. Ilichodai ni kuwa wengi wana nguvu. Aliyeitunga alikuwa mtu mwenye busara anayekwepa vurugu, wala hakuwa kadhi anayetoa hukumu.

Tofauti hiyo kati ya nguvu na haki ndiyo ninayotaka tuijadili leo, msomaji mpendwa. Mfano nitakaoutumia ni wa marubani wa shirika la ndege la US Airways la Marekani, ambao mnamo Aprili 2008 walipiga kura kuchagua kati ya vyama viwili vilivyokuwa vikishindania kuwawakilisha. Nimeuteua mfano huu kwa sababu mbili. Kwanza, marubani ni watu waliosoma na waliozoea kupima mambo kwa hesabu; wakikosea wao, hakuna kundi la wafanyakazi linaloweza kujiona limesalimika. Pili, walimu wa nchi hii nao wana vyama zaidi ya kimoja, na yaliyowapata marubani wale hayako mbali nao kama yanavyoweza kudhaniwa.

Hapana budi tuanze na jambo ambalo ndilo chimbuko la ugomvi wote, yaani ukongwe kazini. Katika mashirika makubwa ya ndege ya Marekani kila rubani ana nambari yake katika orodha moja ndefu. Nambari hiyo ndiyo inayoamua kama ataketi kiti cha kapteni au cha rubani msaidizi, ataendesha ndege kubwa au ndogo, atafanyia kazi mji upi, atapumzika sikukuu ipi, na, mambo yakiharibika, ni nani atakayesimamishwa kazi wa kwanza. Rubani hawezi kuihamisha nambari yake. Akiliacha shirika lake na kuingia jingine, huanzia mkiani, hata akiwa na nywele nyeupe na uzoefu wa miaka 20.

Anayetaka kulielewa jambo hili na avifikirie vile vyama vyetu vya mzunguko, ambamo wanawake wa kijiji au wa mtaa huchanga fedha na kumpa mmoja wao kwa zamu. Nguvu ya chama cha aina hiyo imo katika utaratibu wa zamu. Mwanachama huvumilia kutoa mwezi baada ya mwezi kwa kuwa anajua siku yake itafika. Sasa fikiria kwamba vyama viwili vimeamua kuungana. Kimoja ni cha zamani, kina wanachama wengi waliosubiri kwa miaka, lakini sanduku lake limekauka na baadhi ya wanachama hawajapokea kitu. Cha pili ni kichanga, lakini kinalipa kila mwezi bila kukosa. Ni nani atakayetangulia katika orodha mpya? Wa chama cha kwanza watasema, "Aliyeanza kusubiri kwanza apokee kwanza." Wa chama cha pili watajibu, "Sisi tulikuwa tukipokea. Hatuwezi kurudishwa nyuma ya watu ambao chama chao kilikuwa kinakufa." Pande zote mbili zina hoja, na hapo ndipo penye ugumu.

Hali ya marubani wa US Airways ilikuwa hivyo hivyo. Shirika hilo la zamani, lenye mizizi mashariki mwa Marekani, liliomba hifadhi ya mahakama dhidi ya wadai wake mara mbili, mwaka 2002 na mwaka 2004. Mishahara ya marubani ilikatwa, pensheni yao ikavunjwa mwaka 2003, na mamia kwa mamia yao wakasimamishwa kazi. Mnamo Septemba 2005 liliungana na America West, shirika changa zaidi lililokuwa na makao yake katika jimbo la Arizona. Jina la US Airways lilibaki, lakini marubani wakawa makundi mawili yaliyoitwa Mashariki na Magharibi. Wa Mashariki walikuwa zaidi ya mara mbili ya wenzao kwa idadi, na wengi wao walikuwa wamekaa kazini muda mrefu zaidi. Wa Magharibi walikuwa wachache na vijana, lakini shirika lao halikuwa limewaachisha kazi kama lile jingine.

Makundi yote mawili yalikuwa ndani ya chama kimoja, ALPA, kilichoasisiwa mwaka 1931 na ambacho ndicho kikubwa kuliko vyote miongoni mwa vyama vya marubani wa Marekani. ALPA ilikuwa na utaratibu wake wa kuunganisha orodha za ukongwe: pande mbili zijadiliane, zikishindwa, zipatanishwe, zikishindwa tena, mwamuzi asiyeegemea upande wowote atoe uamuzi wa mwisho unaowafunga wote. Pande zote ziliufuata utaratibu huo hadi hatua ya mwisho, na mwamuzi akawa George Nicolau, mtu mwenye sifa kubwa katika kazi hiyo, aliyewahi kuamua hata migogoro ya wachezaji wa besiboli na matajiri wa timu zao.

Nicolau alitoa uamuzi wake mwezi Mei 2007. Marubani 500 na ushei wa Mashariki, waliokuwa na nafasi katika ndege kubwa za safari ndefu ambazo Magharibi hawakuwa nazo, aliwaweka kileleni mwa orodha. Waliofuata aliwachanganya kwa uwiano, kulingana na nafasi ambayo kila mmoja aliishika wakati wa kuungana. Marubani wa Mashariki waliokuwa wamesimamishwa kazi akawaweka chini. Matokeo yake ni kwamba rubani wa Mashariki mwenye zaidi ya miaka 15 ya utumishi aliweza kujikuta ubavuni mwa kijana wa Magharibi aliyeajiriwa juzi tu.

Mashariki walighadhibika. Njia moja ilikuwa kuupinga uamuzi huo mahakamani, au kutafuta maafikiano mapya na wenzao. Lakini walikuwa na silaha nyingine, nayo ni wingi. Sheria ya Marekani inayosimamia uhusiano wa kazi katika reli na ndege inataka marubani wote wa shirika moja wawakilishwe na chama kimoja. Wachache hawawezi kujitenga wakaunda chao. Basi ikiwa ALPA ndiyo iliyowafunga kwa utaratibu wake, dawa ilikuwa kuing'oa ALPA. Wakaunda chama kipya kilichoitwa USAPA, ambacho ahadi yake kuu ilikuwa orodha inayofuata tarehe ya kuajiriwa. Wakakusanya saini za kutosha, na bodi ya serikali inayosimamia mambo hayo ikaitisha kura. Mnamo Aprili 2008 matokeo yakatangazwa: USAPA kura 2,723, ALPA kura 2,254. Wengi walikuwa wamejitwalia wenyewe.

Nisingependa kuwasawiri marubani wa Mashariki kama watu wabaya. Machungu yao yalikuwa ya kweli. Miezi tisa baada ya kura ile, tarehe 15 Januari 2009, mmoja wao, Kapteni Chesley Sullenberger, aliiteremsha ndege yake juu ya maji ya mto Hudson, New York, baada ya injini zote mbili kuharibiwa na ndege wa porini, na watu wote 155 waliokuwa ndani wakanusurika. Mwezi uliofuata, mbele ya kamati ya bunge la Marekani, shujaa huyo alieleza kwamba mshahara wake ulikuwa umekatwa kwa asilimia 40 na pensheni yake kuvunjwa. Mtu wa aina hiyo anapoambiwa kwamba miaka yake mingi ya kazi haitahesabiwa kama alivyotarajia, nani atakayemlaumu kwa kukasirika?

Lakini hasira, hata ikiwa halali, haina budi kumtambua aliyeisababisha. Hakuna rubani wa Magharibi aliyekata mshahara wa rubani wa Mashariki, wala aliyevunja pensheni yake. Hasara zile zilitoka kwa mwajiri na kwa mahakama za ufilisi. Kilichofanyika kwa kura ya 2008 ni kwamba watu waliopokonywa na mwenye nguvu kuliko wao waliamua kujifidia kutoka kwa walio dhaifu kuliko wao. Nadhani hicho ndicho kiini cha kisa hiki. Vyama vya wafanyakazi vinapopasuka, mara nyingi mpasuko huanzia mahali ambapo mfanyakazi ameshindwa kumfikia aliyemdhulumu, naye akamgeukia jirani.

Je, Mashariki walipata nini? Walipata chama, lakini hawakupata orodha. Magharibi waliikataa orodha ya tarehe ya kuajiriwa, Mashariki wakaikataa ya Nicolau, na bila orodha moja haikuwezekana kupata mkataba mmoja wa ajira. Kwa miaka kadhaa marubani waliovaa sare moja na kuendesha ndege zenye rangi moja walifanya kazi chini ya mikataba miwili, kila kundi na ndege zake. Wa Mashariki waliendelea kulipwa viwango vilivyowekwa wakati wa ufilisi, vile vile walivyovilalamikia. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Hapa fahali wenyewe waliumia, na aliyekuwa akivuna ni mwenye boma.

Marubani wa Magharibi nao walikwenda mahakamani. Dai lao lilikuwa kwamba chama kilichoshinda kura kimevunja wajibu wake wa kuwakilisha kila mmoja kwa haki. Wajibu huo una historia ambayo kila mwalimu wa historia angepaswa kuijua. Mwaka 1944 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani iliamua kesi ya Bester William Steele, mtu mweusi wa Alabama, ambaye kazi yake ilikuwa kuchochea moto wa gari moshi. Wachochea moto wengi wa shirika lake la reli walikuwa wazungu, na chama kilichowawakilisha wote hakikuwapokea weusi. Chama hicho kilitumia nafasi yake kufanya mkataba na mwajiri wa kuwabana weusi hao na kuwaondoa kidogo kidogo katika kazi zenye maslahi. Wakili Charles Hamilton Houston alimtetea Steele, na mahakama ikakubaliana naye: chama kilichopewa na sheria mamlaka ya kusema kwa niaba ya wote kina wajibu wa kuwatetea wote bila uadui wala ubaguzi, wakiwemo wasio wanachama na wale waliokipinga.

Hukumu hiyo ilitokana na sheria ya reli ya mwaka 1926, ile ile ambayo mwaka 1936 ilipanuliwa ili ihusu pia mashirika ya ndege. Kwa hiyo msingi uliowekwa kwa jasho la mchochea moto mweusi wa Alabama ndio ambao marubani wa Arizona waliusimamia miaka zaidi ya 60 baadaye. Sisemi kwamba dhuluma hizo mbili zalingana. Steele alibaguliwa kwa rangi ya ngozi yake. Marubani wa Magharibi walikuwa watu wenye kipato kizuri waliokuwa wakigombania nambari. Lakini kanuni ni moja: kura humteua msemaji, lakini hazimpi msemaji huyo ruhusa ya kuwauza walioshindwa.

Safari ya mahakamani ilikuwa ndefu na yenye kona nyingi. Mwezi Mei 2009 juri katika jimbo la Arizona iliamua kwamba USAPA ilikuwa imevunja wajibu wake. Mwezi Juni 2010 mahakama ya rufaa ikaubatilisha uamuzi huo kwa sababu kwamba wakati wa kesi ulikuwa haujawadia, maadamu mkataba wa pamoja haukuwa umekamilika. Mnamo Desemba 2013 US Airways iliungana na American Airlines, shirika kubwa zaidi, na mnamo Septemba 2014 chama cha marubani wa American, APA, kikatambuliwa kuwa mwakilishi wa wote. USAPA ikapoteza mamlaka yake ya kuwakilisha baada ya miaka sita tu. Mwezi Juni 2015 mahakama ya rufaa iliamua kwamba USAPA kweli ilivunja wajibu wake kwa Magharibi. Orodha moja ya marubani wote ilitolewa na waamuzi mwezi Septemba 2016. Ilikuwa imepita miaka kumi na mmoja tangu US Airways na America West ziungane, na katika muda huo kuna marubani wa pande zote mbili waliostaafu wakiwa bado wanabishana.

Huenda msomaji akaniuliza: je, wafanyakazi hawana haki ya kukiacha chama kisichowafaa? Wanayo, tena ni haki ya kulindwa. Hata APA niliyoitaja ilizaliwa mwaka 1963 marubani wa American walipojitoa katika ALPA wakitaka kujiamulia mambo yao wenyewe. Chama kisichojua kwamba wanachama wanaweza kuondoka hulala usingizi, viongozi wake wakanenepa kwa ada za watu wanaokonda. Suala ni sababu ya kuhama. Kuhama kwa sababu chama kimezembea, kimefisidi fedha au kimeshindwa kujadiliana na mwajiri ni jambo moja. Kuhama ili kuukimbia uamuzi ambao wewe mwenyewe ulikubali utolewe ni jambo jingine. Nahodha akibadilishwa katikati ya bahari, deni la jahazi halizami.

Sasa tugeuke nyumbani. Sheria yetu ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri akitambue chama kinachowakilisha zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahiki kuwa wanachama. Mkataba wa pamoja ukishafanywa, huwafunga wafanyakazi wote wa aina hiyo, na hata asiye mwanachama anaweza kukatwa ada kwa ajili ya chama kilichoujadili. Hapa pia, kama kule, wengi wamepewa. Anayekatwa mshahara wake kwa ajili ya chama ambacho hakukichagua ana haki ya kukiuliza chama hicho kinamfanyia nini.

Walimu wanayajua haya kwa uchungu. KNUT iliasisiwa mwaka 1957, wakati wa ukoloni, ili walimu waliotawanyika chini ya waajiri mbalimbali wawe na sauti moja. Mwaka 1998 ikazaliwa KUPPET kwa ajili ya walimu wa shule za upili na vyuo, ambao waliona kwamba mambo yao yanamezwa na wingi wa wenzao wa shule za msingi. Hoja hiyo haikuwa ya kupuuzwa. Ilikuwa hoja ya wachache. Kisha ukaja mwaka 2019. Baada ya mahakama ya ajira kuamua kesi kati ya KNUT na tume ya TSC kuhusu utaratibu wa kupandisha walimu vyeo, walimu wa chama kimoja wakalipwa kwa utaratibu wa zamani na wengine kwa utaratibu mpya wenye nyongeza. Walimu wawili waliofundisha darasa moja, mmoja hisabati na mwenzake Kiswahili, wakawa na hati tofauti za mshahara kwa sababu ya kadi za uanachama. Maelfu waliihama KNUT. Wengi wao hawakuwa wamebadili itikadi. Walikuwa na karo za watoto za kulipa.

Ukiviweka visa hivi viwili pamoja, utaona kwamba vinafanana mahali pamoja: wenye kazi moja walitenganishwa na mikataba miwili, na aliyekaa upande wa pili wa meza hakuwa na haraka. Mgawanyiko wa wafanyakazi haumgharimu mwajiri hata senti moja. Aghalabu humwekea akiba.

Kwa hiyo, mwalimu unapoletewa fomu ya chama kipya katika chumba cha walimu, na wewe mwanafunzi utakayeingia kazini kesho, ningewashauri msiridhike na kuuliza, "Chama hiki kitanipa nini?" Kila chama kinachotafuta wanachama kina jibu tamu la swali hilo. USAPA ilikuwa nalo, na kura 2,723 zikalipokea. Ulizeni pia, "Chama hiki kikishinda, kitawatendea nini wale waliokinyima kura?" Jibu la swali hilo ndilo litakalokuonyesha utakavyotendewa wewe siku utakapokuwa miongoni mwa wachache. Na siku hiyo huja, kwani hakuna mtu ambaye amekuwa katika kundi la wengi maisha yake yote.

Basi tuendelee kuwapa wengi, kama wahenga walivyotuasa, kwa kuwa bila hivyo hakuna chama, hakuna shule na hakuna nchi itakayotawalika. Lakini tunapowakabidhi usukani, tuwakumbushe kwamba waliokaa viti vya nyuma nao wamelipa nauli.